Kuizeesha Kompyuta Mpya

Kompyuta ile ilikaa na heshima yake siku moja tu. Jumapili jioni Egidius alishuka nayo kutoka mpakani Kobero, bado imo ndani ya boksi, bado ina ngozi ya plastiki juu ya kioo, na watu wa mtaa wakapita mmoja mmoja kuitazama kama wanavyopita kutazama mtoto mchanga. Jumatatu saa tatu asubuhi mkewe, Adventina, akaiunganisha na mashine ya kudarizi, akaweka programu, akabonyeza, akangoja. Kioo kikaandika mstari mmoja wa Kiingereza. Akabonyeza tena. Mstari ule ule.

"Inasema nini?" Egidius aliuliza.

"Inasema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa."

"Hapa wapi? Hapa Muyinga?"

"Hapa ndani yake."

Walikuwa katika chumba cha mbele cha nyumba yao, kile kinachotazama barabara. Mashine ilikuwa imesimama katikati kama ng'ombe zizini: chuma cha kijani, sindano sita, nzito hata wanaume wanne waliitua mara tatu siku ya kuileta. Yenyewe haina akili. Inashona kile inachoambiwa na kompyuta kwa waya, na kompyuta iliyokuwa ikiiambia ilikuwa imeungua wiki tatu nyuma, umeme uliporudi kwa nguvu, ikatoa moshi hadi barabarani. Ndipo Egidius akauza fahali mdogo, akavuka Kobero, akanunua nyingine upande wa Kabanga, Tanzania, ambako alijua kuulizia bei bila mtu kumcheka lugha.

Juu ya meza kulikuwa na vitambaa vya buluu vilivyokatwa tayari, mia tatu. Vilikuwa vya shule ya masista pale Mushasha, Gitega. Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo, na kila sweta lazima iwe na nembo kifuani. Miaka minne nembo hizo zilikuwa zikitoka kwa Adventina. Mwaka huu kulikuwa na mtu mwingine mlangoni, mwenye nembo za plastiki za kubandika kwa pasi, na Adventina alijua kwamba shule ikizoea plastiki haitarudi tena kwenye uzi.

"Labda hujabonyeza vizuri," Egidius alisema.

"Nimebonyeza vizuri."

"Labda inataka intaneti," alisema Manase, jirani, aliyekuja jana kuitazama na leo amerudi kana kwamba ni mali ya ukoo.

"Manase, mke wako anakuita," Adventina alisema bila kugeuka.

"Sijasikia."

"Nenda ukasikie."

Waliita fundi. Parfait alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na soko, na viatu vyeupe ambavyo aliviangalia kabla ya kukanyaga mahali. Hakukaa na kompyuta hata dakika tano. Aliizunguka mashine, akaigonga kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Maman, ordinateri, hii kompyuta, iko muzima. Mashine yako njo iko muzee. Programu yake walitengeneza ya Windows saba. Hii bwana alileta iko Windows kumi na moja. Havitasikilizana ata siku moja."

"Sasa tufanye nini?"

"Kuko njia mbili. Moja, ununue programu ya mupya. Mi nitakuletea, milioni mbili na nusu. Ya pili, uuze hii mashine kwa batu ya vyuma."

Egidius alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Fahali mzima hakufika huko."

"Na tukiitoa hiyo kumi na moja," Adventina aliuliza, "tukaweka saba?"

Parfait alimtazama Egidius, si yeye, kama mwanamume anayemwonea mwenzake huruma. "Batu wote wanapanda, maman anataka kushuka. Nyinyi mulitoka Tanzania muko na mambo. Unanunua gari ya mupya, unaifunga ng'ombe mbele ivute?"

"Inawezekana au haiwezekani?"

"Kuwezekana, inawezekana. Lakini mi sifanye. Ikiharibika, mutasema Parfait njo aliua. Kuko mutu Gitega, nyuma ya soko, anaitwa Prosper. Ule anapenda vya zamani."

Alipokuwa akitoka alidai hela ya miguu, kwa kuwa amekuja. Egidius alimpa. Akakaa kitini, akaishika kompyuta kwa mikono miwili.

"Mama Upendo. Nimeuza fahali ninunue kitu kipya. Wewe unataka ukizeeshe."

"Sikuomba kipya, baba Upendo. Niliomba kinachofanya kazi."

"Watu wameiona."

"Watu hawadarizi."

Egidius alisema taratibu, kama anayetoa kitu alichokuwa amekificha, "Nilimwambia Upendo kwamba tutaonana uso." Upendo alikuwa binti yao wa pekee, anasoma Kasulu, Tanzania, anakaa kwa shangazi yake. Mwaka wa pili sasa walikuwa wakisikia sauti tu, na simu ya Egidius ilikuwa ya vitufe.

Adventina alichukua kitambaa kimoja cha buluu, akakikunja, akakikunjua. "Uso utaonekana hata kwenye kompyuta nzee. Twende kwanza."

"Basi nitaibeba mwenyewe," Egidius alisema. "Asiiguse mtu."

Jumanne nzima ilikwisha stendi, wakingoja gari lenye mafuta. Yalikuwapo magari, yalikuwapo madereva, madereva walikuwa wamelala ndani ya magari. Walirudi nyumbani kwa miguu, na Jumatano alfajiri wakapata nafasi juu ya magunia ya mtu anayepeleka muhogo Gitega. Kompyuta ilisafiri mapajani pa Egidius, imefungwa kwa kitenge.

Walipitia Mushasha kwanza, maana Sista Anisia, mweka hazina wa shule, alikuwa amepiga simu mara mbili akitaka kuona walau nembo moja. Adventina hakuwa na hata moja ya mwaka huu. Alichukua ya mwaka jana, akaifua, akaipiga pasi.

Sista aliigeuza ile nembo, akaona nyuma yake uzi umepauka. Alifungua droo, akaweka mezani nembo tano za plastiki, zinang'aa.

"Adventina, mi nakupenda. Lakini batoto hawatavaa mapendo yangu kwa sweta. Leo iko mercredi. Uko na ngapi?"

"Bado, Sista."

"Bado ngapi?"

"Zote."

Sista alivua miwani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyelima kabla ya kufundisha. Macho yake yalimfika Egidius, aliyesimama mlangoni na furushi kifuani.

"Na bwana anabeba nini pale kama Sakramenti?"

"Kompyuta, Sista. Mpya."

"Mupya? Sasa tatizo iko wapi?"

Egidius alitazama dari.

"Tatizo ndilo hilo, Sista," Adventina alisema. "Ni mpya."

Sista aliwaza kidogo kama anaelewa, akaona haelewi, akavaa miwani yake. "Samedi, Jumamosi, saa sita ya mchana. Hawa ba plastiki wanaweza kutoa mia tatu kwa siku moja. Saa sita ikipita naita wao. Usinililie hapa, sawa?"

"Sitalia, Sista. Nitaleta."

Duka la Prosper lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko la Gitega, limejaa vioo vilivyovimba migongo na makopo ya skrubu. Mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa viatu. Alisikiliza habari yote bila kuikatiza, na mwisho akatikisa kichwa kwa raha.

"Mama, wote wanakuya hapa wanataka ejo hazoza. We njo wa kwanza kutaka ejo hashize."

Kwa Kirundi jana na kesho ni neno moja, ejo. Linalofuata nyuma ndilo linalosema kama imepita au inakuja: hazoza inakuja, hashize imepita. Egidius, ambaye Kirundi chake kilikulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, alichelewa kulipata, na alipolipata akatabasamu bila kutaka.

"Itakufa?" aliuliza.

"Hatuue mutu hapa, mzee. Hii ya mupya tunailalisha." Prosper alichukua diski ya pembeni, nyeusi, ukubwa wa kitabu cha sala. "Tunaikopi yote humu. Siku ukiitaka, inaamuka. Lakini kazi ni kazi, si uchawi. Munaweza kukaa."

Walikaa juu ya makreti ya soda. Kuilalisha peke yake kulichukua saa mbili. Kisha Prosper akaizima kompyuta, akaiwasha huku amebana kitufe kimoja, na kioo kikaja cheusi chenye maandishi meupe. Alieleza kila anachofanya, si kwa majivuno, bali kama mtu asiyepata mara nyingi wa kumweleza. "Kuko mulinzi kwa mulango, anaruhusu bapya tu. Tunamwambia aende kunywa chai." Alibadilisha neno moja, akahifadhi. "Sasa mulango iko wazi. Mulibahatika, hizi zenye ni mupya kuliko hii hazikubali kabisa."

Alichomeka flashi ya Windows saba. Dakika chache tu, mshale wa kwenye kioo ukaganda.

"Imekufa," Egidius alisema.

"Panya tu. Matundu ya pembeni hayajui bado kusema kizee. Nilitia dawa yao ndani ya kle, hii flashi." Na kweli, baada ya muda mshale ulitembea.

Kabla ya kubonyeza mahali pa kufuta, Prosper alisimamisha mkono. "Kuko kitu moja, niseme mapema. Hii ikishakuwa saba, musiiunganishe na intaneti. Ata dakika moja. Hawa bazee hawana chanjo, wagonjwa wa huko watawamaliza. Iseme na mashine yenu, basi."

"Hata kumwona mtu uso?" Egidius aliuliza. "Mtu wa mbali. Dakika kumi tu."

"Ata."

Egidius aliinuka kutoka kwenye kreti, akatoka, akasimama nje jua likimpiga utosini. Adventina aliona mgongo wake. Alijua ni uso wa nani unaofutwa pale. Angeweza kumwita, wakabishana, wakapata maneno mazuri ya kuambiana, na Jumamosi ingefika. Hakumwita.

"Endelea," alimwambia Prosper.

Ilipofika saa tisa alasiri, kioo kiliwaka rangi yake ya zamani ya buluu, na moyo wa Adventina ukatulia kama aliyeona mtu wa kwao stendi ya ugenini. Prosper alifungua ukurasa akajaribu kibodi: aliandika jina lake, Prosper, likatoka safi. "Klavye iko sawa," alisema. Akaweka programu ya kudarizi. Ilikubali. Ikaomba namba yake ya kufungulia, herufi na tarakimu kumi na mbili, ambazo Adventina alikuwa nazo kwenye karatasi aliyopewa na Emérance, mfanyabiashara wa Uvira, Kongo, anayekaa Muyinga, siku alipomuuzia mashine.

Prosper aliandika. Kwenye kioo havikutokea herufi, vilitokea vinukta vyeusi kumi na mbili. Akabonyeza.

Namba si sahihi. Zimebaki nafasi nne.

"Kidole kiliteleza," alisema. Akaandika tena, polepole, jicho moja kwenye karatasi na jingine kwenye vitufe.

Namba si sahihi. Zimebaki nafasi tatu.

"Hii hapa ni Q ao ni O?"

Walimpigia Emérance. Alipokea kelele za soko zikiwa nyuma yake, na sauti yake ikajaa chumba kizima.

"Adventina, we dada, ulipotea kabisa, nikasema Gitega imekula mutu. Kode? Kode gani? Ah, ile. Ngoja, iko kwa kartoni chini ya kitanda, niko soko mi." Waliisikia sauti ile ikimtuma mtu nyumbani, ikigombana na mteja juu ya ndoo, ikarudi. "Bon. Andikeni. Q, ile ya mukia. Si mayai, ni ya mukia. A. Saba…" Aliisoma yote mara mbili. Ilikuwa ile ile ya kwenye karatasi, herufi kwa herufi.

"Basi iko sawa," Prosper alisema, akaandika kwa mara ya tatu. Ikakataa. Akajaribu kwa herufi ndogo. Ikakataa, na safari hii programu ikaandika maneno mengi zaidi, ambayo Adventina aliyasoma kwa sauti: imebaki nafasi moja, ikikosewa, programu itajifunga, na kampuni iliyoitengeneza ndiyo itakayoifungua. Namba ya simu ya kampuni hiyo ilikuwa kwenye boksi la programu. Adventina alishaipiga mwaka juzi. Haikuwapo tena duniani.

Egidius alikuwa amerudi ndani. Aliangalia kioo kizee juu ya kompyuta yake mpya. "Kwa hiyo sasa hatuna mpya," alisema, "na nzee imetukataa."

"Mama, kode yako iko mubovu," Prosper alisema. Alijifuta jasho. "Tujaribu ya mwisho, Mungu atasaidia." Akanyoosha kidole.

"Usiguse."

Hakupandisha sauti, ila Prosper alirudisha mkono wake kama mtoto. Adventina alikuwa akiangalia vile vinukta. Mtu amebisha hodi mlango ule ule mara nne, jina lile lile. Labda ndani wanasikia jina jingine. "Nifungulie mahali pa kuandika tu," alisema. "Karatasi tupu, pale ulipojaribia. Niachie kiti."

Alikaa. Kwa mazoea ya mtu aliyejaza fomu nyingi, aliandika jina la mwenye nyumba kwanza. Egidius. Likatoka safi. Akaandika la kwake.

Qdventinq.

Egidius aliinama karibu. "La kwangu limetoka vizuri," alisema.

"La kwako halina A."

Alikuwa amewahi kuliona jina hilo. Mwaka waliporudi kutoka Tanzania, katika ofisi ya komine, serikali ya wilaya, karani alimgeuzia kibodi aandike jina lake mwenyewe maana lilimshinda, naye akaandika kama alivyofundishwa kambini, bila kutazama vidole. Likatoka hivyo, na Q mbili. Karani aliwaita wenzake waje waone Mtanzania asiyejua kuandika jina lake. Walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Adventina alilisoma kwa sauti, kwa kuwa waliomba alisome, ndipo wakamruhusu alirekebishe.

"Kibodi za hapa ni za Kifaransa," alisema sasa. "A inakaa pale ambapo za Kiingereza zinaweka Q. Kompyuta hii imetoka Kabanga, vitufe vyake ni vya Kiingereza. Wewe uliiambia ni ya Kifaransa."

"Mi sikuiambia…" Prosper alianza. Akatazama mkono wake wa kulia. Miaka ishirini, kila aliyeleta kompyuta, mkono huo ulichagua Français kabla kichwa hakijaulizwa. "Mukono njo ilichagua," alisema. "Na mi nilijaribu na jina yangu. Prosper. Haina A. Haina Q. Haina kitu." Alivua miwani yake, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa chafu. "Mama, ningekufungia programu na mikono yangu."

"Hujafunga. Badilisha."

Alibadilisha. Adventina aliandika jina lake tena, likatoka kama alivyobatizwa. Akarudi kwenye vinukta. Egidius alishika karatasi, akasoma herufi moja, akangoja mkewe abonyeze, akasoma nyingine. Kumi na mbili. Kidole cha Adventina kilisimama juu ya kitufe cha mwisho muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Programu ikafunguka. Nembo ya shule ikajaa kioo: kitabu, taa, na jembe chini yake.

"We ulijifunzia wapi?" Prosper aliuliza.

"Kambini. Kwa kibodi mbovu, isiyo na kitufe cha nafasi."

Mashine iliwaka Alhamisi asubuhi na nyumba nzima ikatetemeka. Umeme wa Muyinga ulikuja na kwenda. Ulipokwenda sindano zilisimama katikati ya jembe, ulipokuja Adventina alitafuta mshono pale ulipokatikia na kuendelea. Egidius alikaa chini na mkasi mdogo, akikata nyuzi zilizobaki nyuma ya kila nembo. Nembo ya kwanza aliigeuza mara nyingi. Ya hamsini hakuitazama tena, aliikata tu na kuitupa kwenye beseni.

Mchana Upendo alipiga simu. Egidius aliiweka sikioni, mkasi bado mkononi.

"Baba, mmeshaifunga ile ya kuonana?"

"Haifungiki, mwanangu. Tumeipa kazi nyingine."

Adventina alipunguza mwendo wa mashine asikie.

"Sikiliza," Egidius alisema. "Krismasi nitakuja mwenyewe. Nitapita Kobero. Utauona uso na miguu yake."

Ijumaa akaja Manase, flashi imening'inia shingoni. Alikuwa na filamu.

"Iko wapi ile mpya?"

"Hiyo hapo."

Manase alikisogelea kioo, akakunja uso. "Hii? Hii si kama ile ya zamani ya pale komine? Egidius, walikuibia Kobero. Wamekupa nzee kwenye boksi jipya."

Zamani kidogo, Jumapili tu, Egidius angeona haya hadi kisogoni. Sasa alikata uzi, akatupa nembo.

"Hawakuniibia. Nimeizeesha mwenyewe. Nimekwenda mpaka Gitega."

"Unalipa mtu akuzeeshee kitu?"

"Ndiyo."

Manase alimtazama Adventina apate msaada, hakupata. Akaivua flashi shingoni. "Basi tuwekee hata moja. Fupi."

"Weka mfukoni, Manase. Au kaa chini ukate nyuzi, mkasi mwingine uko pale."

Alisimama kidogo akipima. Kisha akakaa, akachukua mkasi, na akakata vibaya nembo tatu kabla hajajua.

Jumamosi walifika Mushasha saa tano na nusu, vumbi hadi kwenye nyusi, beseni limefunikwa kwa kitenge kile kile cha kompyuta. Mtu wa plastiki alikuwa ameshakaa kwenye benchi nje ya ofisi, katoni yake magotini. Aliwasalimu vizuri. Adventina aliitikia vizuri.

Sista Anisia hakuhesabu. Alichukua sweta mbili kutoka rundoni. Kwa moja alibandika nembo ya plastiki kwa pasi iliyokuwa tayari imepata moto pembeni. Juu ya nyingine akaweka nembo ya Adventina, akaishona pembe nne kwa sindano yake mwenyewe, haraka, kama mtu aliyewahi kuvaa viraka. Akaingojea ile ya pasi ipoe. Halafu akazikwangua zote mbili kwa ukucha wa kidole gumba, kwa nguvu, kama mtoto wa darasa la pili atakavyofanya siku ya kwanza mwalimu akigeuka ubaoni.

Pembe ya plastiki ilinyanyuka. Uzi haukufanya kitu.

Sista aliingiza nembo za plastiki zilizobaki kwenye droo, akaisukuma kwa tumbo. "Mwambieni yule mutu kwa benchi anipe numero yake, plastiki yake itafaa kwa vitabu. Kwa sweta, hapana." Akamgeukia Adventina. "Bon. Sasa sikiliza. Masera, basista wa shule ya Mutoyi, wananiuliza kila siku nani anatufanyia. Wako na batoto mia nne na kitu. Nilikuwa nanyamaza, juu ya ile mashine yako. Haitakufa?"

"Mashine haifi, Sista. Kompyuta ndiyo inayokufa, na hiyo nimeshajua inavyotibiwa."

"Mwaka kesho usinitie presha tena. Uanze juillet, mwezi wa saba, si mwezi wa nane."

"Nitaanza Juni."

Egidius alikohoa mlangoni. "Juni tuna mavuno ya maharage, mama Upendo."

"Utavuna wewe," Adventina alisema, "na Manase."

Sista alicheka, akasogeza daftari lake mbele ili aandike. Adventina alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika mwenyewe, herufi kubwa, akibonyeza hadi zikatokea ukurasa wa nyuma: MUTOYI, JUNI. Kisha akauliza kitambaa cha Mutoyi ni cha rangi gani.